Drafti ya besiboli: Februari, au wiki ya mwisho ya Machi?

Tarehe 15 Machi 2023, jijini Miami, Puerto Rico iliitoa Jamhuri ya Dominika kwenye World Baseball Classic, mashindano ya besiboli ya mataifa, na wachezaji wakakusanyika uwanjani kurukaruka kwa furaha. Edwin Díaz, mrushaji wa New York Mets wakati huo, aliyekuwa ametoka kuwatoa wapigaji watatu wa mwisho, akaanguka katikati ya shangwe hiyo. Kano ya goti ilikatika, na msimu wake wote ukaisha kabla haujaanza. Mwaka uliotangulia alikuwa amefunga mechi 32 (yaani kurusha mwishoni na kulinda ushindi) na kuwatoa wapigaji 118 katika iningi, yaani vipindi, 62 tu. Kwa hiyo waliofanya drafti ya fantasi mwezi Februari, ule mchezo wa kujichagulia wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, walimnunua kwa bei ya juu kabisa, yaani walimchagua mapema. Waliofanya drafti wiki moja baada ya jeraha hilo walimruka, wakaendelea na shughuli zao.

Ukiishia hapo utasema hakuna cha kujadili: subirini mpaka dakika ya mwisho. Mimi pia naegemea huko, ila si kwa sababu ya Díaz.

Kwa aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya England, ambako hata watu milioni wanaweza kuwa na Haaland kwa wakati mmoja, huku mambo ni tofauti. Mnakaa watu 12, mnachagua kwa zamu, na mwenzako akishamchukua Shohei Ohtani basi huna Ohtani mpaka akubali kubadilishana nawe. Ukikosea siku hiyo, utalibeba kosa lako mpaka mwisho wa Septemba. Ndiyo maana makamishna wa ligi hugombana na watu wao kila mwaka kuhusu tarehe.

Warushaji na wadakaji huripoti kambini Florida na Arizona katikati ya Februari, na msimu hufunguliwa mwishoni mwa Machi. Wiki hizo sita ndizo zinazoamua nani atafunga mechi, kinda gani atapandishwa, na kiwiko cha nani kinauma. Wakati mwingine hata timu haijulikani: mwaka 2024 Blake Snell, aliyekuwa ametoka kutwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, alikaa bila klabu hadi katikati ya Machi, Giants walipomsajili. Mwaka 2025 Gerrit Cole wa Yankees alifanyiwa upasuaji wa kiwiko tarehe 11 Machi, asirushe mpira hata mmoja msimu huo. Aliyemchagua Februari alikuwa amemweka kuwa nguzo ya kikosi.

Lakini wanaopenda drafti ya mapema wana hoja nzito, nayo ni ya bei. Habari ikishamfikia kila mtu, haimpi yeyote faida. Mtazame Garrett Crochet. Januari 2024 alikuwa mrushaji wa akiba wa Chicago White Sox, hajawahi kuanza hata mechi moja ya ligi kuu, na yuko kwenye timu ambayo ingekuja kupoteza mechi 121 mwaka huo huo. Ungempata kwa bei ya bure. Machi akatangazwa kuwa ndiye atakayeanza mechi ya ufunguzi, na msimu ukaisha ametoa wapigaji 209. Mwaka 2022 ilikuwa hivyo kwa Julio Rodríguez wa Seattle: kadiri alivyong'ara mazoezini ndivyo bei yake ilivyopanda, na kufikia wiki ya ufunguzi siri ilikuwa imeshaisha. Aliyemwamini mapema alilipwa kwa kuona mbali. Drafti ya mwisho wa Machi inamnyima mtu wa namna hiyo ujira wake, maana wote mnasoma orodha ileile usiku uleule.

Hata wataalamu hawajakubaliana. LABR, ligi ya waandishi na wachambuzi, hufanya minada yake, ambako wachezaji hununuliwa kwa zabuni badala ya kuchaguliwa kwa zamu, mwanzoni mwa Machi. Tout Wars, wenzao wa kazi ileile, husubiri baadaye kidogo. Kwenye NFBC, mashindano ya fantasi ya besiboli, watu huanza kuchagua hata kabla ya mwaka mpya, lakini huko kuna aina ya ligi yenye timu 15 na raundi 50, bila kuokota mchezaji mwingine baadaye. Ukiwa na wachezaji 50, jeraha moja la Februari halikuangushi. Ligi ya kawaida ya marafiki, yenye benchi la watu watano au sita, haina mto wa kuangukia.

Ila kuchelewa si kinga, na hili husahaulika. Mwaka 2024 warushaji Spencer Strider na Shane Bieber walianza msimu wakiwa wazima, wakarusha mechi mbili kila mmoja, kisha wote wakaenda kufanyiwa upasuaji wa kiwiko. Hakuna tarehe ya drafti ambayo ingemwokoa mtu hapo. Halafu habari za mwisho zina tabia ya kutisha kuliko ukweli wenyewe. Machi 2025 Mookie Betts wa Los Angeles Dodgers aliugua tumbo, akapungua uzito kwa kasi, akarudishwa nyumbani kutoka Tokyo, ambako timu yake ilifungua msimu, bila kucheza. Kwa mtu aliyekuwa anachagua wikiendi iliyofuata, jina lake lilikuwa kaa la moto. Tarehe 28 Machi akapiga homurani mbili dhidi ya Detroit, ya pili ikamaliza mechi. (Msimu wake kwa jumla ukaja kuwa wa chini ya kiwango chake, lakini huo ni mjadala mwingine.)

Kisa kinachonichekesha zaidi ni cha Fernando Tatis Jr. Kuanzia Desemba 2021 wamiliki wa klabu waliwafungia wachezaji milango hadi tarehe 10 Machi 2022, na muda wote huo klabu hazikuruhusiwa kuzungumza nao. Tatis aliporudi kwenye kambi ya klabu yake, San Diego Padres, ikagundulika kifundo cha mkono kimevunjika. Waliomchagua Februari kwenye nafasi za juu wakalia. Wajanja wa drafti ya Machi wakamchukua kwa bei ya punguzo, wamweke kwenye orodha ya majeruhi wakimngojea apone. Agosti ikafika, akafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizopigwa marufuku. Hakucheza hata mechi moja mwaka huo, na makundi yote mawili yakapata sifuri.

Kwa hiyo sioni kwamba drafti ya mwisho inapunguza bahati mbaya kwa kiasi kinachodaiwa. Kinachopungua ni manung'uniko. Timu ikiharibika Februari, mwenye nayo hupoteza hamu kabla mpira wa kwanza haujarushwa, na ligi ya marafiki hufa kwa watu kukata tamaa kuliko kwa hesabu mbovu. Hilo ndilo linalonifanya nichague wikiendi ya mwisho. Waasisi wenyewe wa fantasi ya besiboli walichelewa zaidi: Daniel Okrent na wenzake walifanya mnada wao wa kwanza Aprili 1980, msimu ukiwa umeshaanza.

Tatizo la wikiendi hiyo ni mahudhurio. Kila ligi inaitaka, na anayekosekana huchaguliwa wachezaji wake na kompyuta. Mwaka 2025 ilikuwa ndani ya Ramadhani, hivyo drafti ya jioni, wakati wa magharibi, ilimkuta Muislamu wa Minneapolis na tende mkononi. Ikiwekwa saa 2 usiku kwa saa za New York, mwenzenu aliyeko Dar es Salaam anachagua saa 9 alfajiri.

Halafu kuna mechi za ng'ambo. Dodgers na Cubs walicheza Tokyo tarehe 18 na 19 Machi 2025, wiki nzima kabla ya wengine, na Ohtani akapiga homurani huko. Kama ligi yenu ilichagua tarehe 23, homurani ile ni ya nani? Kuna wanaoihesabu na wanaoifuta, na mimi naona kuifuta ni haki zaidi, ilimradi sheria iwe imeandikwa Februari, kabla yeyote hajajua Ohtani atakuwa wa nani.