Tafiti za Abiria na Kura za Maili: Msafiri wa Kariakoo Asikilize Kipi?

Bango la "shirika bora la ndege duniani" halikosekani kwenye ofisi za mawakala wa tiketi, iwe Samora au Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Wateja wengi huuliza bei, huuliza kilo za mzigo, wanalipa na kuondoka. Ubora huo umepimwa na nani, na kwa swali gani, mara chache sana huulizwa, na hapo ndipo mtu anayekwenda Guangzhou au Istanbul mara tano kwa mwaka anapopoteza fedha.

Vipimo viko vya aina mbili. Cha kwanza ni tafiti za kuridhika kwa abiria. Marekani kuna kampuni ya J.D. Power, inayotoa alama kati ya 1,000, na ACSI, kipimo cha kuridhika kwa wateja, kinachotoa kati ya 100. Cha pili ni tuzo za mipango ya maili, yaani pointi ambazo shirika humpa abiria anaposafiri ili baadaye azigeuze tiketi. Tuzo maarufu zaidi ni Freddie Awards, zilizoanzishwa mwaka 1988 na Randy Petersen na kupewa jina la Freddie Laker, yule Mwingereza aliyeuza tiketi za bei nafuu kati ya London na New York. Tafiti huheshimiwa kama sayansi. Tuzo hudharauliwa kuwa ni kura za mashabiki wenye kadi za dhahabu. Dharau hiyo imepita kiasi.

Utafiti una haki yake. J.D. Power huwahoji watu waliosafiri ndani ya mwezi mmoja uliopita, wakati kumbukumbu bado ni mbichi: wahudumu walikuwaje, programu ya simu ilifanya kazi, bei ililingana na huduma? Anayepanda ndege mara moja kwa mwaka anahesabiwa sawa na anayepanda kila wiki. Kwa familia inayosafiri likizo, hicho ndicho kipimo chake. Ila J.D. Power na ACSI hupima mashirika ya Amerika Kaskazini, si ndege zinazotua Terminal 3 pale JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Mabango tunayoyaona hapa kwa kawaida yanatokana na Skytrax, kampuni ya Uingereza inayotoa tuzo za mashirika ya ndege, na kura za Skytrax nazo hupigwa mtandaoni na abiria waliojitokeza wenyewe. Kwa hiyo kama kosa la Freddie ni kuwa wapiga kura wamejichagua, kosa hilo haliko kwake peke yake.

Sasa itazame Southwest, shirika la ndege la Marekani. Desemba 2022 shirika hilo lilifuta safari zaidi ya 16,000 ndani ya siku chache. Watu walikesha viwanjani na mabegi yao hayakujulikana yalipo. Mwaka mmoja baadaye serikali ya Marekani ililitoza faini ya dola milioni 140. Katikati ya matukio hayo mawili, Mei 2023, J.D. Power ilitangaza matokeo yake: Southwest ya kwanza kwa abiria wa daraja la kawaida, mwaka wa pili mfululizo. Utafiti haukudanganya. Walioulizwa wengi walisafiri siku nyingine za mwaka, wakapata huduma nzuri, wakasema kweli. Lakini wastani wa mwaka mzima humeza siku kumi mbaya, na siku hizo kumi ndizo zinazomwangusha mfanyabiashara mwenye mzigo njiani na miadi ya kiwanda. Tena, kuridhika hupimwa kwa kulinganisha na matarajio: aliyetegemea kidogo akapata kidogo na nusu huondoka na furaha kuliko aliyeahidiwa mengi akapata mengi kasoro kimoja.

Kura ya maili huuliza swali jingine kabisa. Mpiga kura ni mtu aliyekaa na ahadi ya shirika kwa miaka, akaona kama ilitimizwa. Alikusanya maili; je, alipotaka kuzigeuza tiketi, kiti kilikuwepo? Freddie ina kipengele mahsusi cha jambo hilo. Na hesabu yake haimpi ushindi mwenye wanachama wengi: mtu hutoa alama 1 hadi 10 kwa mipango anayoitumia, kisha unachukuliwa wastani. Tuseme mpango mmoja umepata wapiga kura 20,000 na wastani wa 7.1, mwingine 3,000 na wastani wa 8.4, wa pili ndio unaoshinda. Wanaoziita tuzo hizi shindano la umaarufu hawajaiangalia hesabu hiyo.

Faida ya mpango mzuri wa maili kwa mtu wa Kariakoo inapimika kwa kilo. Ethiopian na Turkish, zote zinazoruka kutoka Dar, ziko Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege. Mwenye hadhi ya Gold katika muungano huo, ile anayopewa mwanachama wa mpango wa maili anayesafiri sana, hupata kilo 20 za ziada pale mzigo unapopimwa kwa uzito, au begi moja zaidi pale unapohesabiwa kwa idadi. Begi likiwa la kilo 23, kurudi Dar mara sita ni kilo 138 zisizolipiwa ziada. Dodoso linalouliza kama chakula kilikuwa cha moto haliwezi kukuonyesha hilo.

Tuzo zina udhaifu pia. Freddie huweka Ulaya na Afrika katika kanda moja, hivyo mwanachama wa Frankfurt, mwenye ndege nyingi kila siku za kutumia maili zake, anapiga kura pamoja na wa Dar asiye na wingi huo. Na mpango ulioshinda unaweza kubadilisha kanuni baada ya kushangiliwa. Flying Blue ya KLM na Air France, tangu 2018, hutoa maili kwa euro ulizolipa badala ya umbali: mwanachama wa ngazi ya chini hupata 4 kwa kila euro, kodi za serikali zikitolewa. Nauli ya euro 600 inakupa 2,400 tu, hata kama umevuka bara zima.

Kwa hiyo, ukisoma tuzo, ruka "mpango bora wa mwaka" uende moja kwa moja kwenye kipengele cha upatikanaji wa viti. Kisha jaribu mwenyewe kabla ya kujiunga: tafuta kiti cha maili Dar–Guangzhou kwa tarehe tatu tofauti, moja iwe ya msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton kule Guangzhou, Aprili au Oktoba. Angalia tozo za shirika juu ya tiketi hiyo, maana tiketi ya maili hailetwi bure. Muulize wakala herufi ya daraja la nauli, kwa kuwa tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi huingiza sehemu ndogo ya maili, au sifuri. Jina kwenye uanachama lifanane na la pasipoti. Ukijiandikisha kwa majina mawili na pasipoti ina matatu, maili zinaweza kukataa kuingia. Zisipoingia, utaombwa kipande cha kupandia ndege na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, ile inayoanza na 071 kwa Ethiopian au 235 kwa Turkish. Wakala akikupa karatasi ya ratiba isiyo na namba hiyo, usitoke ofisini kwake kabla hajaiandika.