Mtu ameuawa London, mtu ameuawa Milano: kosa linaitwaje?

Jioni ya tarehe 1 Novemba 2007, mjini Perugia, mwanafunzi wa Kimarekani Amanda Knox alipata ujumbe kwenye simu. Mwenye baa aliyekuwa amemwajiri, mzaliwa wa Kongo, alimwambia usiku huo asije kazini. Knox akamjibu kwa Kiitaliano chake cha kujifunza: "Ci vediamo più tardi. Buona serata!" Moyoni alikuwa anaaga kwa Kiingereza, kama sisi tunavyosema "haya, tutaonana baadaye" bila mtu kutazama saa. Polisi walisoma Kiitaliano, na kwa Kiitaliano maneno hayo ni miadi: tutaonana baadaye, leo hii. Usiku ule ule Meredith Kercher, Mwingereza aliyekaa naye nyumba moja, aliuawa. Siku chache baadaye Knox akahojiwa hadi usiku wa manane, ujumbe ule ukawekwa mbele yake, akamtaja mwenye baa kuwa ndiye muuaji. Mtu huyo hakuhusika kabisa, na alikaa mahabusu karibu wiki mbili.

Hayo ni maneno machache ya kuagana tu. Maneno yanayotaja makosa yenyewe ni mazito zaidi, na watafsiri hawakubaliani jinsi ya kuyavusha. Wapo wanaosema kila kosa la Kiingereza litafutiwe mwenzake wa Kiitaliano, basi. Wapo wanaosema jina libaki kama lilivyo, kisha lielezwe.

Wa kwanza wana hoja ambayo si ya kupuuza. Mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya zilipounda hati ya pamoja ya kukamata watuhumiwa, ziliorodhesha aina 32 za makosa. Penye "murder" katika maandishi ya Kiingereza, ya Kiitaliano yanasema "omicidio volontario", kuua kwa kukusudia. Kwa makosa hayo, ikiwa adhabu yake inaweza kufika walau miaka 3 katika nchi inayomtaka mtuhumiwa, jaji wa nchi ya pili hakai kulinganisha sheria mbili kifungu kwa kifungu. Neno linapokea neno, mtuhumiwa anapelekwa. Uingereza imeshatoka katika Umoja huo, lakini Ireland, inayotumia Kiingereza mahakamani, imebaki. Isitoshe, Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu unataka mshtakiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Mkalimani akimwachia mtu kizimbani neno asilowahi kulisikia, amemsaidia nini?

Lakini hebu tuchukue kisa kimoja. Mtu anampiga mwenzake kwa chuma akitaka kumvunja mbavu, si kumuua. Mwenzake anakufa. Kwa sheria ya Uingereza, aliyekusudia kumjeruhi mtu vibaya, na mtu huyo akafa, ana hatia ya murder kama aliyekusudia kuua, na adhabu ni kifungo cha maisha, jaji hana hiari. Italia ina kosa lake maalumu kwa hali hiyo: omicidio preterintenzionale, kuua kulikopita kusudio. Adhabu yake ni miaka 10 hadi 18. Omicidio volontario, ambayo inaanzia miaka 21, inahitaji aliyepiga awe alitaka kifo au alikiona kinakuja akakikubali. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika kila siku kwamba "murder" ni "omicidio volontario" anakosea katika kisa ambacho kila hospitali ya jiji inakijua.

Manslaughter, kosa la kuua ambalo Waingereza huliweka chini ya murder, ndiyo ngumu kuliko zote. Kamusi nyingi za haraka zinaipeleka kwenye omicidio colposo, kuua kwa uzembe: dereva asiyetazama njia, fundi aliyeacha shimo wazi. Ni kweli, sehemu ya manslaughter ni hiyo. Sehemu nyingine ni mtu aliyeua kwa kutaka kabisa, ila alipandwa na ghadhabu au akili yake ilikuwa na kasoro, sheria ikamshushia kosa. Italia haimshushii mtu huyo jina la kosa. Inampunguzia miaka tu.

(Rapina ya Kiitaliano nitaitaja kwa kifupi. Inafanana na neno la Kiingereza la ubakaji, kumbe ni unyang'anyi. Anayejifunza huonywa mapema, na kosa hilo halidumu.)

Turudi Perugia, maana kesi ile ilizaa mkanganyiko mwingine uliodumu zaidi. Knox, aliyeshtakiwa kumuua Kercher, alifutiwa kabisa kosa hilo mwaka 2015. Lililobaki ni calunnia, kwa kumtaja mwenye baa, na Mahakama ya Juu ya Italia ililithibitisha tena Januari 2025. Magazeti mengi ya Kiingereza yaliandika "slander". Mwingereza akisoma slander anaona maneno ya kumchafulia mtu jina, jambo la madai na fidia. Calunnia ni kumshtaki kwa mamlaka mtu unayejua hana hatia, na kifungo chake ni miaka 2 hadi 6. Hapa Kiswahili kina neno lililo karibu kuliko la Kiingereza: kumsingizia. Msomaji wa Kondoa au Malindi akiambiwa "alimsingizia mtu kuua", ameelewa kosa lote.

Msimamo wangu: kwenye gazeti na kwenye mikataba, neno linalokaribiana linatosha, mradi si slander kwa calunnia. Kizimbani halitoshi. Pale jina la kosa litajwe kwa lugha ya mahakama, kisha sentensi moja iseme mtu anadaiwa kufanya nini na kwa nia gani. Inachukua nusu dakika. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba katika mahojiano ya Knox mkalimani alijigeuza msuluhishi, na Italia ikapatikana imekiuka haki zake. Kilichohitajika usiku ule ni mtu wa kusema "maneno haya kwao ni kuaga".

Sisi jambo hili linatugusa moja kwa moja. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama Tanzania, na manslaughter tumezoea kuiita "kuua bila kukusudia". Lakini sheria yetu, kama ya Kenya, imerithi ile ya Waingereza: aliyechokozwa ghafla, akachukua panga kwa hasira akaua akitaka kuua, kosa lake linashuka kuwa hilo hilo. Mama wa marehemu anakaa benchi la nyuma, anasikia mwanawe ameuawa bila kukusudiwa, na majeraha aliyaona mwenyewe. Mahakama ya Milano ingempunguzia muuaji miaka, lakini jina la kosa lingeendelea kusema kwamba alikusudia. Wanaotafsiri sheria zetu wangeweza kutenganisha mambo haya mawili: kuua bila kukusudia kwa yule dereva, na kuua kwa ghadhabu kwa huyu wa panga.