Leseni ya urubani: mbeba boksi wa Texas anaipata, mwalimu wa Tanga haipati

Tukizungumzia urubani nyumbani Tanzania, swali la kwanza huwa ni saa. Saa ngapi za kuruka ndipo upewe leseni ya urubani wa biashara, ile ya kurusha ndege kwa malipo? Kwa kigezo hicho Marekani ndiyo ngumu. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inadai saa 250 kwa anayesoma kwa utaratibu wa kawaida, wakati kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambacho nchi zetu zinakifuata, ni saa 200, na kinashuka hadi 150 ukisoma kozi nzima kwenye chuo kilichoidhinishwa. Hata hivyo, huku Texas mtu wa kipato cha kawaida anaifikia leseni hiyo. Kwetu haifikii, na saa hazina kosa.

Kinachoamua ni namna ya kulipia. Huku nafanya kazi ghalani shifti ya usiku, asubuhi nalala, alasiri naenda kiwanja cha ndege. Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, inakodishwa kwa saa, mafuta yakiwa ndani ya bei. Ukishuka unalipia muda ulioruka, basi. Mwezi ambao kodi ya nyumba imekubana huruki, na saa zako zinabaki kwenye daftari, hakuna wa kuzifuta. Chenye ukomo ni matokeo ya mtihani wa nadharia, ambayo hudumu miezi 24. Sisi tusio raia tunatanguliza pia uchunguzi wa usalama na alama za vidole. Usumbufu huo unavumilika.

Masharti yenyewe si ya kubebwa. Ndani ya zile 250, saa 100 uwe wewe ndiye rubani mwenye mamlaka, na 50 kati ya hizo ziwe za safari za kutoka mji hadi mji. Kuna saa 10 za kujifunza ndege ngumu zaidi: yenye magurudumu ya kukunja, au ya kisasa yenye skrini na otopailoti. Kuna saa 5 za kuruka usiku, na ndani yake upae mara 10 na kutua mara 10 kwenye kiwanja chenye mnara wa waongozaji. Kisha ile safari ndefu ya maili 300 za baharini, ambapo kituo kimoja lazima kiwe umbali wa maili 250 kwa mstari ulionyooka kutoka ulikoanzia. Mimi niliruka hadi Corpus Christi, kwenye Ghuba ya Mexico. Njiani nilitua kwenye viwanja visivyo na mtu hata mmoja, nikapitisha kadi kwenye pampu, nikajaza mafuta mwenyewe na kuondoka. Hakuna aliyenidai ada ya kutua.

Maili 250 ni kama Dar hadi Arusha. Sasa jaribu kuipanga safari hiyo na ndege ya mafunzo Tanzania. Cessna ndogo ya pistoni inatumia avgasi, yaani petroli ya ndege, na ndege nyingi zinazofanya biashara kwetu zinatumia mafuta ya jeti. Wanunuzi wa avgasi ni wachache, kwa hiyo vituo ni vichache na bei ni ya kuumiza. Ndiyo maana vijana wetu huishia kusomea uwanja wa Wilson kule Nairobi, Soroti nchini Uganda, au Afrika Kusini. Kwenda huko maana yake ni kuacha kazi, kupanga chumba ugenini na kubeba fedha za kozi nzima kwa mkupuo. Familia inauza kiwanja. Fedha zikiisha katikati, kijana anarudi na daftari lenye saa nusu na deni zima.

Wanaodhani huku ni mteremko nao nawapinga. Leseni ya saa 250 Marekani haikulishi haraka. Kubeba abiria wa kukodi kwenye ndege ndogo, hata mchana wa jua kali, kunadai saa 500. Mashirika makubwa yanataka 1,500, sheria iliyokuja baada ya ajali ya ndege ya abiria karibu na Buffalo, New York, ya mwaka 2009. Wengi wetu tunageukia ukufunzi ili saa zipande, na mwenye viza ya mwanafunzi hata huo ukufunzi una mipaka mikali. Kwetu kijana wa saa mia mbili na kidogo anaweza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria, inayokwenda Seronera ndani ya Serengeti, akajifunza viwanja vya vumbi na wanyama, na injini inavyohema kwenye joto la Arusha, futi 4,500 na ushei juu ya usawa wa bahari. Texas kaskazini ni tambarare tupu. Hapo nawaonea wivu, sifichi.

Kwa hiyo Serikali isihangaike kupunguza saa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kimejiingiza kwenye mafunzo ya marubani, vizuri, lakini mwalimu mwenye mshahara wake Tanga atasomaje kwa kozi ya kutwa? Uwanja wa Tanga uko karibu na usawa wa bahari na ndege zake ni chache. Wekeni pale ndege mbili za kukodi kwa saa, tangi la avgasi, na ndege za mafunzo zisamehewe ada ya kutua. Hata safari ndefu ipo tayari: Tanga, Zanzibar, Mafia, Mtwara. Ni zaidi ya maili 300, na ukifika Mtwara umeshapita zile 250 wanazodai Wamarekani.