Mama alikwenda kuteka maji

Ukipekua magazeti ya miji midogo ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria, hutachukua muda kabla ya kukutana na habari hii ya mistari minne au mitano. Mtoto wa miaka mitatu ameachwa nyumbani na mdogo wake. Mama ametoka mara moja kuteka maji. Aproni ya mtoto inashika moto mekoni. Jirani anasikia mayowe, anakimbilia ndani, anamviringisha blanketi. Mtoto anafariki usiku uleule. Uchunguzi wa kifo unafanyika kwenye baa ya mtaa, kwa kuwa ndiyo nyumba yenye chumba cha kutosha watu, na jopo linatoa uamuzi wake: kifo cha ajali. Chini yake tu inafuata bei ya ngano sokoni.

Habari za namna hii ni nyingi kiasi kwamba ukishasoma kumi, ya kumi na moja unaijua kabla hujaifikia. Na hapo ndipo ubishi unapoanza. Tangu hazina ya mtandaoni ya magazeti ya Maktaba ya Uingereza ifunguliwe kwa umma mwaka 2011, na Maktaba ya Taifa ya Wales kufungua bure kurasa zake zaidi ya milioni moja, vipande hivi vimetapakaa kila mahali. Watu wanavisambaza: mwizi wa nguruwe, ugomvi wa majirani wa ukuta mmoja, mganga wa mtaani aliyeshitakiwa. Wasomaji makini wa historia wanatuonya tusidhani kwamba huko ndiko kuyajua maisha ya watu wa kale.

Onyo lao lina uzito. Gazeti huandika lisilo la kawaida, na maelfu ya watoto waliolala salama usiku ule hawana mstari hata mmoja. Mwandishi aliyekaa mahakamani alikuwa karibu zaidi na hakimu kuliko na mshitakiwa, kwa kiti na kwa tabaka, na maneno ya mfuaji nguo au kibarua yalipita kwanza katika kalamu yake. Wengine walilipwa kwa idadi ya mistari, kwa hiyo kila sifa ya ziada iliongeza senti mfukoni. Wahariri wa mikoani walikata habari za wenzao kwa mkasi wakazibandika kwao, na baadhi walinunua karatasi ambazo nusu ya kurasa zake zilikuwa zimeshachapishwa London, wao wakajaza zilizobaki kwa habari za mji wao. Ukiikuta habari moja katika magazeti sita, huenda ni tukio moja lililosafiri, wala si desturi ya nchi. Na sisi wa leo tumeongeza kasoro yetu: tunatafuta kwa neno, na anayetafuta neno la ajabu ataletewa maajabu.

Mfano wanaopenda kuutoa ni wa mume kumuuza mkewe sokoni. Magazeti ya karne ya 19 yana vipande hivyo kweli, na Wafaransa wa wakati ule walivisoma wakaamini kwamba Mwingereza humpeleka mkewe mnadani kama ng'ombe. Ni picha iliyopotoshwa, na gazeti ndilo lililoipotosha. Lakini mfano huohuo ndio ulionifanya nianze kuvitetea vipande.

Mwanahistoria E. P. Thompson alikusanya matukio haya kwa miaka mingi, mengi yakitoka katika magazeti hayo, akayasoma kwa utulivu. Mwandishi wa habari alikuwa ameandika kwamba ni aibu na ushenzi. Hiyo ilikuwa hukumu yake. Ila kabla ya kuhukumu alikuwa ametaja mambo ambayo hakuyapa uzito: kwamba mwanamke alifungwa kamba shingoni, kwamba bei ilikuwa shilingi chache na pombe, kwamba mnunuzi alijulikana kabla ya siku hiyo, kwamba mke aliridhia, na wakati mwingine kwamba wote watatu walikwenda kunywa pamoja baadaye. Thompson aliviweka vipande hivyo kando kwa kando na talaka ikaonekana. Watu waliokwisha kuachana walikuwa wanalitangaza jambo mbele ya mashahidi, kwa njia waliyoiweza, kwani njia ya sheria hawakuiweza. Kabla ya sheria ya talaka ya mwaka 1857, aliyetaka kuachana kabisa na mwenzake na kuoa tena alihitaji sheria maalumu ya Bunge, na tangu 1670 ni talaka 324 tu zilizopatikana hivyo. Nne kati ya hizo ziliombwa na wanawake. Hakuna sababu ya kuipamba desturi ile. Kamba shingoni ni kamba shingoni. Lakini bila waandishi wale waliokuja kushutumu, tusingejua kwamba mafukara wa Uingereza walikuwa na namna yao ya kuvunja ndoa.

Ninachokitetea ndicho hicho. Kipande cha gazeti kina mambo mawili ndani yake: lile mwandishi alilokusudia kusema, na yale aliyoyataja njiani kwa sababu hadithi isingekamilika bila kuyataja. La kwanza lina upendeleo wake wote wa tabaka na zama. Yale ya njiani hakuna aliyejisumbua kuyapotosha, maana hakuna aliyeyaona kuwa na maana.

Chukua kesi za wizi mdogo. Thamani ya mali hutajwa karibu kila mara, kwani mashitaka yaliitaka, na baada ya 1855 wizi wa chini ya shilingi tano uliweza kumalizwa palepale kwa mahakimu wa wilaya iwapo mshitakiwa aliridhia. Shati lililoanikwa juu ya ua wa miti. Jozi ya buti kuukuu. Mwenye duka la rehani anasimama kueleza kwamba buti zilifikishwa kwake asubuhi ileile na kwamba alitoa kiasi fulani. Lengo la habari ni kwamba mtu kafungwa. Sisi tumepewa bei ya shati, mahali nguo zilipoanikwa, na jinsi buti la mtu lilivyoweza kugeuka fedha kabla ya saa sita mchana. James Caird, aliyezunguka Uingereza mwaka 1850 na 1851 akichunguza kilimo, alikadiria mshahara wa kibarua wa shambani kuwa shilingi tisa na nusu kwa wiki. Weka hesabu hiyo kando ya bei ya zile buti uone kwa nini kuna watu waliozipeleka rehani buti zao wenyewe, na kwa nini wengine walizichukua za jirani.

Au chukua wazazi walioitwa mahakamani kwa kutowapeleka watoto shule, hasa baada ya mahudhurio kuwa lazima nchi nzima mwaka 1880. Faini haikuzidi shilingi tano pamoja na gharama. Mwandishi anaorodhesha majina na faini, na kwa baadhi anaongeza udhuru: mtoto hana viatu, anamlea mdogo wake, yuko shambani wakati wa mavuno. Kwa mwandishi huo ulikuwa ukaidi. Mimi nikisoma nawaona akina mama wakijieleza kwa nusu sentensi mbele ya watu ambao hawajawahi kukosa viatu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mfano wetu wa miaka hiyohiyo. Msimulizi, gazeti la UMCA, misheni ya Waanglikana, lililoanza Zanzibar mwaka 1888, lilichapisha habari fupi za vituo vya misheni. Lilikusudiwa kuwaunganisha Wakristo wa vituo hivyo. Leo mtu analifungua kuona Kiswahili kilivyoandikwa na walimu na vijana wa Kiungani, shule ya misheni hiyo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analifikiria gazeti lilipokwenda mtamboni.

Nirudi kwa mtoto wa mekoni, maana hapo ndipo wanaopinga wana silaha yao kali kuliko zote: takwimu. Vifo vya Uingereza na Wales viliandikishwa rasmi kuanzia Julai 1837, na William Farr, mtakwimu wa ofisi ya msajili mkuu, akavipanga kwa sababu zake mwaka baada ya mwaka. Wanasema tusome majedwali hayo, tuache simulizi. Nimeyasoma majedwali, nayaheshimu. Ndiyo yanayotuambia kwamba karibu watoto 150 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kwamba kiwango hicho hakikushuka sana mpaka Victoria anaingia kaburini. Hakuna rundo la vipande vya magazeti linaloweza kutupa ukubwa wa msiba namna hiyo. Katika safu ya waliokufa kwa kuungua, jedwali linatupa umri na idadi.

Jedwali halitaji ndoo.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Mpinzani ataniambia kwamba "mama alitoka kidogo" ni kauli ya kanuni tu, kwamba wachunguzi wa vifo na waandishi walishazoea hadithi inayomweka mama kando ili lawama ipate pa kutua. Naam, yawezekana kabisa. Lakini kanuni hiyo ilihitaji tu mama awe ametoka. Haikujali amekwenda wapi. Na vipande vinasema alikokwenda: kisimani, kwenye bomba la uani linalotumiwa na kaya nyingi, dukani, kiwandani kumpelekea mume chakula, kufua nguo za watu. Katika mitaa mingi ya maskini bomba lilitoa maji kwa saa chache tu za siku, kwa hiyo maji yakifunguliwa, mwanamke alichukua ndoo na kwenda wakati huohuo, apende asipende. Moto nao haukuweza kuzimwa, kwa kuwa ndio uliopika, uliochemsha maji na kuikausha nyumba. Watoto, wa kiume kwa wa kike, walivaa magauni ya pamba mpaka wafike miaka minne au zaidi, na mwishoni mwa karne ikaingia ile pamba ya manyoya laini, ya bei rahisi na yenye joto, inayoshika moto upesi kuliko nyingine. Maji, moto na nguo: vyote vitatu vimo katika mistari minne, na aliyeiandika alidhani anaandika habari ya mama aliyetoka.

Nakubali kwamba anayesoma vipande peke yake atapotea, na mwenye majedwali peke yake atakuwa na msiba usio na nyumba. Nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kuokoa ghala linapoungua, ningekimbia na magazeti, kwani ofisi ya serikali huhesabu tena mwaka ujao, ila hakuna atakayerudi kumwuliza yule mama alikuwa amekwenda wapi.

Mwaka 1908, miaka saba baada ya kifo cha Victoria, Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto. Kifungu kimoja kilihusu msiba huu. Aliyemwacha mtoto wa chini ya miaka saba katika chumba chenye meko iliyo wazi bila kizuizi cha kutosha, na mtoto akafa au akaumia vibaya, aliweza kutozwa faini mpaka pauni kumi, zaidi ya mshahara wa wiki kumi wa kibarua wa shambani. Kizuizi cha meko ni kitu chema, na sina shaka kwamba kiliokoa watoto. Lakini walioitunga sheria walikuwa wamelelewa na magazeti hayahaya, na walichukua kutoka humo kile mwandishi alichokusudia: mzazi na meko. Kisima hakikutajwa.