Kikaratasi Kilisema Mimi ni Shujaa

Miaka michache iliyopita nilihudhuria semina ya uongozi ya siku mbili. Tulijaza dodoso refu, tukajumlisha alama, kila mtu akatoka na jina lake: huyu Mlezi, yule Mjuzi, mwingine Mtafutaji. Mimi nikatoka Shujaa. Sikufichi, nilifurahi. Nilikibandika kile kikaratasi ukutani nyuma ya kiti changu, pale ambapo kila anayeingia ofisini hana budi kukiona.

Nikawa Shujaa kweli kweli. Hakuna kazi iliyochelewa, vikao vilikuwa vifupi, maamuzi ya papo kwa papo. Halafu siku moja nikagundua kuwa hesabu tulizokuwa tukizitumia kwenye ripoti zina kosa, na kwamba watu watatu walilijua kosa hilo wiki tatu nzima. Hakuna aliyeniambia. Nikamwita mdogo wao nikamuuliza kulikoni. Akatazama sakafu, akatupia jicho kile kikaratasi, akasema taratibu, "Dada, wewe ukiingia kikaoni unakuwa umeshaamua. Tukaona tukisema itakuwa kama tunakupinga."

Nilijibu nini, sikumbuki. Nakumbuka kuwa jioni ile nilianza kusoma upya habari za hizi arketipu, yaani sura kama Shujaa na Mlezi zinazojirudia katika ngano na ndoto za watu, safari hii bila mtu wa kunipa alama.

Neno lenyewe lilipata umaarufu kwa Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyezaliwa 1875 na kufariki 1961. Alipokuwa kijana alitibu wagonjwa wa akili kwenye hospitali ya Burghölzli mjini Zurich, na kilichomshangaza ni jinsi maono na ndoto zao zilivyofanana na ngano za kale. Baadaye, akiwa ameshaachana na Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyekuwa mshirika wake, akadai kwamba chini ya kumbukumbu za mtu binafsi lipo tabaka jingine tunalochangia binadamu wote, ambalo wataalamu wetu huliita ung'amuzi bwete wa pamoja, yaani sehemu ya akili inayofanya kazi bila sisi kujua. Humo ndimo zilimo arketipu: mama, mzee mwenye hekima, shujaa, mjanja. Si picha zenyewe, ni kalibu tu, na kila jamii humimina yake ndani. Kalibu ya mjanja imetupa Sungura, ikatupa na Abunuwasi.

Mpaka hapo semina yetu ilikuwa sawa. Ilichoruka ndicho kilichokuwa na maana kuliko vyote. Kwa Jung, arketipu si sifa njema unayojichagulia kama nguo dukani. Ni nguvu inayoweza kukushika, na ikikushika hujui, unadhani ni wewe. Mtu akijifananisha nayo mpaka akasahau kuwa ni mtu tu, Jung alisema nafsi yake imevimba. Na sisi tunasema hivyo hivyo, fulani kavimba kichwa. Tena kila anachokikataa mtu ndani yake hakiondoki. Hukaa nyuma yake kama kivuli, kikimfanyia kazi asiyoiona.

Picha ya jambo hili nisingeipata kwenye semina, ila nilikuwa nayo tangu utotoni. Fumo Liyongo, shujaa asiyepenywa na mkuki wala mshale, alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Wengi hukomea hapo. Mimi nilikwama kwenye kinachofuata. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale tayari, akafa katika hali hiyo hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kusogea. Walimwona amelenga, wakajua yu hai. Maji yapo, kiu ipo, na hakuna wa kuteka. Ilibidi mama yake aje kumbembeleza, naye hajibu.

Ndivyo nilivyokuwa nimekaa pale ofisini. Kisima changu kilikuwa habari: nani amekwama, nini kimeharibika, wapi tumekosea. Na mimi nimepiga goti mlangoni, upinde umevutwa, nikijiuliza mbona watu siku hizi hawasemi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Swali la "mimi ni arketipu ipi" ni swali la kujipamba. Kwa anayetaka kuongoza watu, yapo mawili yanayouma zaidi. La kwanza, nikibanwa, ni nani hushika usukani ndani yangu? La pili, ni sura ipi inayonichefua nikiiona kwa mwenzangu?

Kwangu la pili lilikuwa na jibu la haraka: Mlezi. Tulikuwa na mkuu mwenzangu aliyeanza kila kikao kwa kuuliza watu wameamkaje, na akauliza kweli, akasubiri majibu. Nilikuwa namwona mpoteza muda. Jung angesema chuki yenye kipimo kikubwa namna ile haimhusu yule dada hata kidogo, inanihusu mimi na kile nilichokifungia nje. Nilibisha siku nyingi. Halafu nikahesabu ni nani aliyepata habari za lile kosa mapema. Ni yeye. Walimwambia yeye.

Nikaanza kuweka daftari dogo. Kila baada ya kikao, mstari mmoja au miwili: nani amezungumza kwa kinywa changu? Ukurasa wa kwanza unasomeka, "Jumanne. Shujaa. Nimemkatiza mara mbili, na mara ya pili alikuwa sahihi." Baada ya wiki kadhaa nikaona kuwa mwili hunitangulia. Kabla Shujaa hajafika, kidole gumba changu huanza kubonyeza kalamu, te-te-te, na sauti yangu hushuka badala ya kupanda. Hiyo ndiyo faida kubwa niliyoipata. Ukishamjua mgeni kwa hatua zake, unaweza kumfungulia mlango au ukamwomba angoje.

Mlezi nilimfanyia mazoezi kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Zoezi lilikuwa moja: uliza, kisha nyamaza. Mara ya kwanza nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na moja, na kila tarakimu ilikuwa adhabu. Kwenye kumi na moja mtu mmoja akakohoa akasema, "Kwa kweli, hii ratiba haiwezekani." Nilitaka kumjibu pale pale. Haikuwa rahisi, na mpaka leo si rahisi.

Mfalme na Mjanja nao wana darasa lao. Mfalme, wa kusifu kazi ya mwingine bila kuona wivu. Mjanja, wa kuuliza lile swali la kipumbavu ambalo wote wanaliogopa. Ila mtu asijaribu kuwa wote kwa wiki moja, atakuwa mchekeshaji.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ramli tu, na siwalaumu. Ung'amuzi bwete wa pamoja ni vigumu kuupima maabara, na watafiti wa haiba leo wanategemea zaidi vipimo vya tabia kuu tano (upokeaji wa mapya, bidii, uchangamfu, upole na wasiwasi), ambavyo ushahidi wake ni imara kuliko huu. Ndiyo maana simwajiri mtu, wala simnyimi mtu nafasi, kwa kuwa eti ni Mlezi au Mtafutaji, na nikiona meneja anafanya hivyo nashtuka. Pia maandiko mengi ya mashujaa na wafalme yaliandikwa kwa kumfikiria mwanamume. Toni Wolff, aliyefanya kazi kwa karibu na Jung, alichora sura nne za wanawake, mojawapo akaiita Amazoni, mwanamke wa kazi na kujitegemea. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana nilikiona kikaratasi changu kimevaa gauni. Lakini ngano haihitaji maabara ili ikufae. Inatosha kwamba inakupa jina la kuita kitu kinachokutokea, maana usilolijua jina huwezi kulikemea.

Kikaratasi nilikibandua. Gundi iliondoka na rangi, pamebaki alama ya mraba ukutani.

Juzi yule kijana aliingia bila hodi, karatasi mkononi. "Dada, kuna kitu hapa hakijakaa sawa." Kidole gumba kikaanza, te-te-te. Nikaiweka kalamu mezani, nikamsogezea kiti.