Tangi safi si bomba safi
Eti sampuli ya tangini ikitoka safi, mradi mzima wa maji ni salama? Hapo sikubali. Niliwahi kuendesha pampu ya mradi mdogo: kidonge cha kupimia klorini (dawa ya kuua vijidudu majini) kiligeuza maji ya tangini kuwa ya waridi, ya bomba la mwisho yakabaki vilevile, hayana rangi, yaani klorini ilishaisha njiani. Shirika la Afya Duniani linataka klorini ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita hadi kwa mtumiaji. Mgao wa maji nao ni balaa, kwani presha ikishuka bomba lenye ufa hunyonya uchafu wa nje. Pimeni mwisho wa laini, maji yanapoanza kurudi (si baada ya kusafisha kwa ajili ya mkaguzi, tunajuana). Kwenu wanapimia wapi?