Garissa, Shakahola na swali la nani aulizwe

Kila bomu linapolipuka Ulaya, malalamiko yaleyale husikika kwetu: mbona wakifa wao dunia nzima husimama, na tukifa sisi tunapata aya mbili na picha moja? Mwaka 2015 uliyapa malalamiko hayo ushahidi wa wazi. Januari 7 waliuawa watu 12 katika ofisi za gazeti la Charlie Hebdo mjini Paris, na baada ya siku tatu za mashambulizi waliokufa walifika 17. Jumapili ya Januari 11 viongozi wa nchi zaidi ya 40 waliandamana Paris wakiwa wameshikana mikono, marais wa Afrika wakiwamo. Siku hizohizo Boko Haram walikuwa wanauteketeza mji wa Baga, kaskazini mashariki mwa Nigeria. Miezi mitatu baadaye, alfajiri ya Aprili 2, wapiganaji wanne wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi. Hapakuwa na maandamano ya marais Nairobi. Ni vijana wenyewe waliokusanyika Uhuru Park kuwasha mishumaa na kusoma majina ya wenzao, wakisema hao si tarakimu.

Malalamiko hayo ni ya haki, na yana sura zaidi ya moja. Januari 2019, al-Shabaab waliposhambulia majengo ya DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti zilizolala juu ya meza za mkahawa. Wakenya waliuliza ni lini gazeti hilo limewaonyesha hivyo watoto wa Marekani waliopigwa risasi shuleni. Mimi sijasikia jibu la kuridhisha hadi leo.

Hata hivyo, upande wa pili nao una hoja. Novemba 2015, Paris iliposhambuliwa tena na watu 130 kuuawa, watu wengi walianza kusambaza mitandaoni habari ya BBC kuhusu Garissa wakiwa na hasira, wengi wakidhani mauaji hayo yametokea siku hiyo na yamefichwa. Ilikuwa habari ya Aprili. Iliandikwa na kutangazwa ilipotokea, lakini wengi wa hao waliokasirika hawakuisoma wakati huo. Mhariri anayesema "sisi tuliandika, ninyi hamkusoma" hasemi uongo. Halafu kila mtu humlilia kwanza wa nyumbani kwake. Oktoba 14, 2017, lori la mabomu lililipuka Mogadishu, na kamati iliyoundwa baadaye ilihesabu wafu 587. Mogadishu ni jirani yetu, na waliokufa walikuwa Waislamu waliouawa na watu wanaodai kuupigania Uislamu. Sikumbuki taifa lolote la Afrika Mashariki lililosimamisha shughuli zake kwa ajili yao.

Kwa hiyo siweki uzito mkubwa kwenye dakika ngapi Paris ilipewa na ngapi Garissa. Habari zisizo sawa zinaumiza zaidi mahali pengine, karibu zaidi na sisi: zinaamua ni nani atakayetakiwa kujibu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Tuanze na Aprili 2014. Baada ya mfululizo wa milipuko Nairobi na Mombasa, serikali ya Kenya ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mtaani Eastleigh, Nairobi, na wengi walifungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani wakikaguliwa vitambulisho. Mwaka uliofuata, baada ya Garissa, kampuni 13 za hawala, yaani za kutuma fedha, zilisimamishwa na akaunti za watu na mashirika kadhaa zikafungwa. Miongoni mwake yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Muhuri na Haki Afrika. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi, ikaamuru akaunti zifunguliwe. Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, aliipa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuifunga kambi ya Dadaab, iliyokuwa na wakimbizi laki kadhaa. Katika mijadala ya redio na runinga swali lilikuwa moja: kwa nini Waislamu hawawafichui watu hawa?

Mmoja wa washambuliaji wanne wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa ameshawaambia maafisa wa usalama kwamba mwanawe amepotea na huenda ameingia Somalia. Alimfichua mtoto wake wa kumzaa. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipinga hadharani vijana wenye itikadi kali waliokuwa wakiteka misikiti ya Mombasa, na Juni 10, 2014 alipigwa risasi akafa. Desemba 2015, basi liliposhambuliwa Mandera, abiria Waislamu waligoma kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alijeruhiwa kwa risasi katika tukio hilo na akafariki mwezi uliofuata. Hawa ndio jibu la swali lile la redio na runinga, na wangestahili kutajwa kila linapoulizwa.

Lakini sikubaliani na ndugu zangu wanaotaka mjadala kuhusu magaidi uishie kwenye kauli kwamba "hawa si Waislamu". Novemba 2014, basi jingine lilitekwa Mandera, abiria wakachambuliwa kwa dini na watu 28 wakauawa. Garissa nako Wakristo walitengwa ili wauawe. Mzazi aliyempoteza binti pale hawezi kuambiwa kwamba dini haikuwa na nafasi yoyote, ilhali muuaji aliitumia dini kuchagua nani afe. Wapo vijana waliosajiliwa kupitia mihadhara misikitini, Majengo ya Nairobi na Mombasa, na waliokuwa wakihudhuria walijua. Kuuliza ni msikiti gani, nani alihubiri na nani alitoa nauli ya kwenda Somalia si chuki dhidi ya dini. Ni upelelezi, na ni kazi ya mwandishi wa habari pia. Ninachokipinga ni swali hilo kuhamishwa kutoka kwa msikiti mmoja na mhubiri mmoja likapelekwa kwa muuza nguo wa Eastleigh.

Ndipo nafika Shakahola. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri wa kanisa la Good News International. Miili ilizidi 400, mingi ya watoto. Uchunguzi wa serikali ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Idadi hiyo ni karibu mara tatu ya waliokufa Garissa. Januari 2024 Mackenzie na wenzake zaidi ya 90 walishtakiwa Mombasa kwa makosa yakiwamo ya ugaidi, wakakana.

Shakahola ilitangazwa sana, dunia nzima. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuuliza. Maswali mengi yalimhusu mtu mmoja: ametoka wapi, aliendeshaje teksi kabla ya kuhubiri, ana akili timamu? Hakukuwa na msako wa nyumba kwa nyumba wa Wakristo wa Malindi. Ni kweli serikali iliwagusa wengine: Mchungaji Ezekiel Odero wa Mavueni alikamatwa na akaunti zake zikafungwa kwa muda, na baadhi ya makanisa yakafutiwa usajili. Lakini muumini wa kawaida aliendelea kwenda ibadani Jumapili bila kudaiwa athibitishe kwamba si mmoja wao. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Serikali ilipounda jopo kazi la kupendekeza namna ya kusimamia mashirika ya dini, viongozi wengi wa makanisa walisema kosa la mhubiri mmoja lisiwe sababu ya kuyafunga makanisa yote kamba, na wakakumbusha kwamba Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Naiunga mkono kauli hiyo. Ni kauli ileile iliyotolewa na Waislamu mwaka 2014 na 2015, na wakati ule wengi waliiita kisingizio.

Kuna wanaosema ulinganisho huu si wa haki, na hoja yao ina nguvu. Al-Shabaab ni jeshi: linashika ardhi Somalia, linatoza kodi, linavuka mpaka na litashambulia tena. Kundi la Shakahola liliwaumiza wafuasi wake lenyewe. Dola haiwezi kukabiliana na makundi hayo mawili kwa njia moja, na mwananchi ana sababu ya kuliogopa la kwanza zaidi. Nakubali. Lakini hoja hiyo inahalalisha doria mpakani, ujasusi na kikosi cha kuitikia haraka, kile ambacho siku ya Garissa kilichukua saa nyingi kufika. Haihalalishi kumweka Kasarani mama mwenye watoto kwa sababu ya jina lake. Watu wakishughulishwa na mama huyo, hakuna anayebaki kuuliza kuhusu saa hizo.

Vyombo vyetu vina tatizo jingine ambalo hatuwezi kuwatupia wazungu. Desemba 2014 Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama yaliyotishia mwandishi kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3 kwa habari au picha za kutia watu hofu. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho pamoja na vingine kadhaa. Waliokitetea hawakuwa wapumbavu: wakati wa shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, al-Shabaab walikuwa wakijigamba Twitter huku wanaua, na kila picha ya kutisha iliwafaa wao. Lakini nia ya kumnyima gaidi jukwaa huishia haraka kumnyima raia hesabu. Kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia, ilivamiwa Januari 15, 2016, na serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Tanzania, mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji Kibiti na Rufiji mwaka 2017 yaliripotiwa kwa uoga. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiyafuatilia, alitoweka Novemba mwaka huo. Wananchi wa Kibiti hawakusahauliwa na Paris. Walinyamaziwa nyumbani.

Ningependa wahariri wetu wajipime kwa kile wanachokiandika wiki ya pili na hata mwezi wa kumi baada ya tukio, maombi ya kitaifa yakishaisha. Shakahola ina mfano mzuri. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana iliripoti Oktoba 2023 kwamba dalili zilionekana tangu 2017 na vyombo vya dola vilizembea. Machi 2023 Mackenzie alikuwa mikononi mwa polisi kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Hizo ni taarifa zenye afisa, kituo na mahakama ndani yake, na zilipaswa kurudi kurasa za mbele kila wiki. Badala yake tukabishana kama mhubiri ni kichaa.

Mwaka 2025 miili zaidi ya 30 ilifukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, kesi ya kwanza ikiwa bado mahakamani. Nani aliwapa watu hao shamba, mkuu wa kituo cha polisi cha karibu alipokea taarifa gani na lini, na ni nani aliyeagizwa kuuangalia ukanda ule baada ya 2023?